Mwenye Ploti Alipohamia Chumba cha Pembeni

Nimekabidhi funguo zote, na mfuko wangu wa suruali umekuwa mwepesi hata natembea kama mtu aliyesahau kitu. Nyinyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike jinsi tulivyosimamia nyumba za kupanga zilizotawanyika kutoka Homa Bay mpaka mpakani, enzi ambazo mpangaji aliyevunjikiwa na kitasa alikungoja mpaka utokee mwenyewe. Nitaandika. Habari za vyeo siziwezi kwa sababu vyeo havikuwepo. Kulikuwa na Mama Pilista mwenye nyumba, na kulikuwa na mimi.

Mama Pilista alianza maisha kwa kuuza omena, dagaa wa ziwa, pale Homa Bay. Alipopata nguvu alijenga safu ya vyumba juu kidogo ya soko, halafu badala ya kuongeza palepale kama wenzake, akanunua ploti yenye vyumba vya kupanga Suna, pale Migori. Kisha akanunua nyingine Isebania, kwenye mpaka wa Tanzania, na mwishowe nyumba moja ya mawe Mbita, kabla hujavuka kwenda kisiwa cha Rusinga. Watu walimcheka. Walimuuliza ni mali gani hii ya kutembelewa kama wagonjwa, leo huku kesho kule. Yeye akawajibu, "Ziwa likinuna, mpaka wa Isebania utacheka. Mpaka ukinuna, watu wa Suna watauza mahindi. Vyote vikinuna siku moja, hicho ni kiama, na siku ya kiama hakuna anayeulizwa kodi."

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana mwenye cheti cha ukarani na tai ya bluu niliyoazima kwa shemeji. Siku ya kwanza nilifika kwenye vyumba vya Homa Bay asubuhi, nikamkuta Mama Pilista amekaa kwenye stuli ya chini akichambua mboga. Aliitazama tai yangu kwa muda.

"Hiyo itakusaidia kuzibua choo?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi ivue. Chukua ndoo ile, uende bombani ukapange foleni."

Nikapanga foleni pamoja na akina mama na watoto. Nilipofika mbele nilijaza ndoo, nikamletea. Akaimwaga kwenye mtaro, akanirudishia. Nikapanga tena. Alimwaga tena. Mara ya tatu nikadhani yule mama ana kichaa, nikaanza kufikiria njia ya kumrudishia shemeji tai yake kwa heshima.

"Sasa umesikia nini huko?" akaniuliza.

Nikajaribu kukumbuka. Nikamwambia wamesema kuna bati linavuja upande wa mwalimu, kwamba mpangaji fulani ataolewa Oyugis na chumba chake kitakuwa wazi, na kwamba msimamizi mpya anaonekana mtu wa kujidai.

Akacheka mpaka mboga zikamwagika. "Nyathina, umeajiriwa." Kwa Kijaluo nyathina maana yake ni "mwanangu", na tangu siku hiyo hakuniita vingine, isipokuwa akikasirika.

Mambo mengine nilifundishwa na nyumba zenyewe. Homa Bay udongo wake ni mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na milango inakataa kufunga, jua likiwaka unapasuka na ukuta unapasuka nao. Usirande mlango wakati wa mvua, maana kiangazi kikija utabaki na pengo la kupita paka. Pia usipake rangi nyeupe ukuta unaotazama ziwa. Wale wadudu wadogo wa ziwa wanakuja kama moshi, wanatua, na asubuhi ukuta wako una madoa kama kitenge. Isebania adui ni lori. Madereva wanarudi nyuma wakitazama upande wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, na kusahau upande wako, kwa hiyo kila pembe ya ploti nilichimbia jiwe kubwa, na mawe yale yamevunja taa za nyuma za magari mengi kuliko ninavyoweza kuungama. Suna adui ni watoto. Hakuna kitasa, dirisha wala mfereji wa mabati uliobuniwa unaoweza kushindana na watoto wa Suna wakati wa likizo. Kwenye mfuko wangu nilitembea na bisibisi, misumari ya mabati na wosha za bomba, zile pete ndogo za mpira. Nakushauri uwe na wosha daima. Bomba linalovuja huleta ugomvi mapema kuliko pombe.

Faida moja ya kuwa na nyumba sehemu mbalimbali niliigundua mwenyewe nikajivunia sana. Isebania tulikuwa na mpangaji mmoja aliyebadilisha pesa za watu mpakani. Mtu mchangamfu, lakini Jumamosi alifungua redio mpaka vikombe vya jirani vikatembea juu ya meza. Jirani mwenyewe alikuwa Msabato, mwinjilisti, na Jumamosi ndiyo sabato yake. Mmoja akiimba tenzi, mwingine anaongeza sauti ya rumba. Nikamtafutia mwinjilisti chumba Suna, karibu na kanisa lake, nikakodi pikapu, mambo yakaisha na wote wawili wakanishukuru. Kuanzia hapo nikaamini kwamba hakuna ugomvi usiotibika kwa pikapu.

Imani hiyo ilinidumu mpaka ule mwaka wa Damaris.

Damaris alikuwa mzaliwa wa Rusinga, mshonaji. Alikaa Suna na mumewe, fundi wa magari, na watoto wao wawili wa kike. Chumba chao kilikuwa cha pili kutoka mwisho, na cherehani ilikaa mlangoni ili apate mwanga. Karibu wanawake wote wa ploti ile walivaa nguo zilizopita mikononi mwake. Mumewe akaanza kukonda, akakonda sana, akafariki. Walimzika Rusinga, kwao wote wawili, na baada ya matanga Damaris akarudi Suna na watoto wake, akafungua mlango, akaiweka cherehani mlangoni kama kawaida.

Lakini ploti haikuwa ya kawaida tena. Niliona bombani. Damaris akija na ndoo, wengine waliokota mitungi yao wakasogea, na alipoondoka mmoja alisuuza bomba kwa maji kabla ya kukinga. Baadhi walinong'ona kuhusu chira, mkosi wa kuvunja mila. Wengi walinong'ona kuhusu ule ugonjwa, ambao miaka ile tulikuwa na majina mengi ya kukwepa kuutaja. Vitambaa vikaacha kuletwa. Nilipopita nilimkuta amekaa nyuma ya cherehani iliyonyamaza, amekunja mikono.

Siku moja wapangaji walinisubiri getini. Msemaji wao alikuwa Mama Boke, mama Mkuria aliyeuza ndizi za kupika sokoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Nyuma yake walisimama karibu wote.

"Barnaba, sisi hatumchukii," akaanza. "Lakini tuko na watoto. Wanacheza na wake, wanakunywa kikombe kimoja. Mwambie ahame."

"Nimwambie kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Mwambie tu. Mwezi ukiisha akiwa bado hapa, sisi tunahama. Wote. Utabaki na yeye na panya."

Nilimtazama nikaona hatanii. Kodi ya ploti ya Suna ndiyo iliyozibeba zile nyingine. Ziwa wakati huo lilikuwa limefunikwa na magugu, wavuvi wa Homa Bay walikuwa wamekaa nchi kavu, na vyumba vya kule vingine vilikuwa wazi. Suna nayo ikibaki tupu, Mama Pilista angelazimika kuuza, na mimi ningerudi kumtafuta shemeji.

Nikafikiria pikapu, bila shaka. Nikaenda kwa Damaris, nikakaa kwenye kizingiti, nikamwambia taratibu kwamba kuna chumba kizuri Homa Bay, kinatazama ziwa, ni karibu na kwao zaidi, na gari nitalilipia mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na huko Homa Bay, baada ya mwezi mmoja, watu wakiuliza mume wangu alikufa na nini, utanipeleka wapi? Isebania?"

Nikaanza kuchokoa kizingiti kwa bisibisi.

"Halafu Mbita. Halafu ziwani." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Barnaba, watoto wangu wanasoma hapa. Wateja wangu wako hapa, hata kama hawaji. Mimi sijakosa kodi. Sihami."

Nikapanda gari kwenda Homa Bay kumweleza Mama Pilista. Nilimweleza yote, na nikamalizia kwa kumwambia kwamba kwa maoni yangu tunaweza kuwapoteza wapangaji wote kwa ajili ya mmoja. Alikuwa akitengeneza moto. Alipuliza makaa kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

"Pale pembeni, kile chumba cha mwisho kilichopakana na chake, bado kiko wazi?"

"Ndiyo, Mama. Mpangaji aliondoka wiki iliyopita."

"Kifagie. Nahamia Jumatatu."

Nilidhani sijasikia. Nikamwambia hali ya chumba kile si ya mtu wa umri wake, na kwamba watu wanaweza kumvunjia heshima. Akaniita Barnaba, siyo nyathina, nikajua mazungumzo yamekwisha.

Jumatatu alifika na godoro, jiko la makaa, stuli yake, na kapu la samaki wa kukaanga. Ploti nzima ilitoka kutazama. Akasalimia kila mlango, akafika kwa Damaris, akapiga hodi, akaingia, akaketi. Mlango uliachwa wazi makusudi. Watu wakaona wanawake wawili wakila samaki kwenye sahani moja, na mwenye ploti akinywa maji kwa kikombe cha mjane bila hata kukipangusa.

Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna chuo kinachofundisha. Mpangaji mbaya kuliko wote ni mwenye nyumba. Sijawahi kuteswa kama nilivyoteswa zile wiki. Kila nikifika Suna, Mama Pilista alikuwa amekaa kwenye stuli akinisubiri.

"Barnaba, huu mlango haufungi."

"Nitauona, Mama."

"Choo kina mlango unaofika magotini. Mimi ni mtu mzima. Unataka watoto wa watu wanione?"

"Nitaurefusha."

"Na bati juu ya kitanda changu lina tundu. Nani msimamizi wa nyumba hizi?"

"Ni mimi, Mama."

"Mwenye nyumba anajua unavyofanya kazi?"

Wapangaji, waliokuwa wamenuna, hawakuweza kujizuia. Wakacheka milangoni. Baadaye wengine wakaanza kumletea malalamiko yao ili ayaunganishe na yake, na akayapokea yote kama mwenyekiti wa chama. Nilirefusha mlango wa choo, nikaziba mabati, nikachimba mtaro mpya. Ploti ile haikuwahi kuwa nzuri vile. Lakini kwa Damaris hakuna aliyesogea. Walimzunguka Mama Pilista mlangoni kwake, na Damaris akitokea wakatawanyika kama kuku.

Mwishowe Mama Boke alimkabili. Nilikuwepo, nikipigilia bati.

"Mama, wewe ni mzee, umekula maisha," akamwambia. "Sisi bado tunalea. Ukijitia hatarini ni shauri lako. Mwezi unaisha."

"Ni haki yako kuhama," Mama Pilista akajibu bila ukali. "Nitakupa na mtu wa kukubebea kitanda. Lakini nikuulize. Wewe umekaa hapa miaka yote, umeona nikimfukuza mtu?"

"Hapana."

"Na wale wenye ploti wengine, wanaofukuza, wanaanza na nani?"

Mama Boke akatupia jicho mlango wa Damaris.

"Wanaanza na mjane. Wakimaliza wajane wanaingia kwa wanaoumwa. Wakimaliza hao wanatafuta Mkuria katikati ya Wajaluo, au Mjaluo katikati ya Wakuria. Mimi mlango huo sitaki kuufungua, maana sijui namna ya kuufunga tena. Nenda kwa amani, mama."

Mwezi ukaisha. Nisiwadanganye kwamba maneno yale yalifanya maajabu. Familia moja ilihama kweli, ikahamia ng'ambo ya barabara. Mama Boke alikuwa ameshaagiza mkokoteni. Asubuhi hiyo niliingia getini nimejiandaa kuona ploti ikimwagika, nikauona mkokoteni umesimama tupu, na mwenye mkokoteni akila ndizi.

Mama Pilista alikuwa ameshikwa na malaria. Ilimwangusha vibaya. Alikuwa amelala akitetemeka, midomo imekauka, na Damaris alikuwa ameketi kitandani akimkanda kwa kitambaa cha maji. Daktari wa kliniki alikuwa ameshapita na kumchoma sindano. Nilipoinama kumsalimia, akafungua jicho moja.

"Barnaba," akasema kwa sauti ndogo sana. "Mlango."

Haukuwa umefungwa vizuri, kweli. Nikatoka nje nikasimama kwenye mtaro wangu mpya, na siwafichi, nililia. Niliwaza kwamba huyu mama atafia katika chumba nilichoshindwa kukitengenezea mlango, na kwamba alikuja kwa sababu ya ukaidi wake mzuri ambao hakuna mtu aliyemwomba.

Mama Boke alikuwa mlangoni kwake, mizigo imefungwa kwa kamba. Alinitazama. Akatazama mlango wa pembeni. Ndani tulimsikia Damaris akiguna, akijaribu kumgeuza mgonjwa peke yake, na Mama Pilista hakuwa mwanamke mwembamba.

"Atamwangusha," Mama Boke akasema.

Nikajipangusa macho kwa mkono wa shati.

"Yule si mzigo wa mtu mmoja." Akafungua kamba kwenye mzigo wake mmoja, akatoa shuka safi, akavuka uwanja kwa hatua zake ndefu, akaingia. Nikamsikia akisema, "Shika mabega, mimi nitashika miguu. Hapana, si hivyo, weka mkono wako chini ya wangu. Moja, mbili."

Mwenye mkokoteni aliniuliza kama kazi bado ipo. Nikamwambia amalize ndizi yake polepole.

Walimuuguza wawili kwa zamu, mmoja akiwa kwenye kazi zake mwingine yuko kando ya kitanda. Mama Boke alileta uji wa wimbi, Damaris akamnywesha. Wengine walipoona hakuna aliyekufa kwa kugusana mikono, walianza kuingia mmoja mmoja, kwanza kumwona mgonjwa, halafu kukaa. Homa iliposhuka, neno la kwanza la mgonjwa lilikuwa kwamba uji hauna sukari. Ploti nzima ikashangilia kama mpira umeingia wavuni.

Alipopata nguvu ya kukaa kwenye stuli nje, nilienda kumwangalia, nikiwa nimebeba bawaba mpya za mlango wake. Ilikuwa mchana, jua kali, na cherehani ya Damaris ilikuwa mlangoni, bado imenyamaza. Mama Boke akatoka chumbani kwake na kitambaa kimekunjwa kwapani, kitambaa cha maua makubwa, cha mtu aliyekusudia kuonekana. Alitembea mbele ya watu wote mpaka kwa Damaris, akakiweka juu ya cherehani.

"Kuna harusi Kehancha," akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Nishonee gauni. Mikono mirefu."

Damaris alikitazama kitambaa, kisha akamtazama yeye. "Vipimo vyako ninavyo. Vya mwaka juzi."

"Mwaka juzi nilikuwa mwembamba. Nipime upya."

Akanyanyua mikono yake miwili juu, akasimama hivyo katikati ya uwanja. Damaris akautoa utepe shingoni, akamzungusha kifuani, akamzungusha kiunoni, taratibu, akishika na kulegeza, na bombani ndoo zikafurika bila mtu kufunga maji. Mama Boke akatazama mbele tu, kama askari kwenye gwaride.

"Usibane sana," akasema. "Nataka nile huko."

Mmoja akaanza kucheka, halafu wote, na Damaris akacheka mpaka utepe ukamponyoka. Mama Pilista, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye stuli, akanigeukia.

"Nyathina, tafuta pikapu. Nataka kwenda kulala kwangu. Hivi vyumba vyenu havifai."

"Mama, vyumba ni vyako."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimeona aibu kukaa zaidi. Na hizo bawaba usiziweke mlango huu. Anza na wa Mama Boke, nimeusikia unalia."